Hakupata Hata Moja

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Kazi yangu yenyewe ni kushuku. Nimeajiriwa kwenye kituo cha kuchambua mayai. Nakaa kwenye kiti kirefu mbele ya boksi lenye taa ndani, nachukua yai moja moja, naliegemeza kwenye tundu la mwanga nione lilivyo kwa ndani. Kwa nje kila yai ni zuri. Ungeapa halina neno. Ukiliweka kwenye taa ndipo unauona ufa mwembamba kama unywele, au tone la damu, au ule uwazi wa hewa unaokwambia yai hili limekaa sana mahali. Ukishaifanya kazi hiyo miaka mingi, hata watu huwaangalii tena hivi hivi tu.

Kwa hiyo mkwe wangu alipofeli mtihani wa Kiingereza mara ya pili, kila mtu alimpa pole. Mimi nilisema hapana, hapa kuna jambo.

Niwaeleze vizuri. Mwanangu wa pekee ni fundi wa lifti. Alipooa alikaa na mkewe mji mwingine, mbali na mimi, mpaka alipopata kazi ng'ambo. Siku ya kuondoka alimleta binti kwangu na sanduku lake. "Mama yangu kipenzi, nitunzie mke wangu. Nikitulia nitamwita." Akatulia, akamwita. Ila serikali ya kule ina sharti lake: mke hamfuati mumewe mpaka afaulu mtihani wa Kiingereza, ule ambao karatasi ni moja dunia nzima na majibu unayapaka weusi kwenye viduara ili mashine isahihishe.

Sehemu nyingine alizimudu. Iliyomwangusha mara zote mbili ni ile ya sentensi. Wanakupangia sentensi nne zinazofanana kama mapacha. Tatu zina kasoro mahali, moja tu ndiyo nzima, nawe uichague. Aliponieleza mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Mwanangu, si ndiyo kazi yangu hiyo! Na wewe unalipwa?"

Alitabasamu kidogo tu, akaendelea kupiga pasi.

Huyu binti tangu aingie kwangu alikuwa na tabia moja iliyonikera, nayo ni shingo. Ukimsemesha, anaigeuza shingo na kukupa upande wa kulia wa uso, macho yakiangalia ukuta. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, wakati mwingine haitiki kabisa. Nikajua ni maringo ya waliosoma. Nikamwita Malkia, kwanza moyoni, halafu mdomoni. "Malkia, chumvi iko wapi?" Ananiletea chumvi, shingo upande, bila neno.

Tena kulikuwa na simu. Ikilia anaichukua, anaingia nayo chumbani, mlango unafungwa. Akitoka, amenawa uso. Mtu gani ananawa uso baada ya kuongea na simu?

Mwenye kuwasha moto alikuwa jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Alinikuta naanika nguo.

"Dada, mkwe wako nimemwona jana pale kwenye darasa la jioni. Amesimama getini na mwanaume, anacheka."

"Anacheka vipi?"

"Anacheka, jamani. Kwa meno yote."

Najua Redio hutia chumvi kwenye kila habari. Lakini nyumbani kwangu yule binti hakuwahi kucheka kwa meno yote, hata siku nilipokalia besheni la maji. Machale yakanicheza. Nikaona jambo zima limenyooka: binti ana mtu wake hapa mjini. Anafeli makusudi asiondoke. Mwanangu anapanda na kushuka kwenye mashimo ya lifti, huko kwenye baridi ya watu, na mkewe huku anacheka getini. Nilianika nguo zilizobaki kwa hasira, nyingine ndani nje.

Sikumwambia kitu. Kwenye kazi yetu huligusi yai mpaka uwe na hakika. Jumapili asubuhi, tukiwa jikoni, nikamwambia alete kitabu chake cha mazoezi.

"Mama, Kiingereza si hukijui?"

"Sikijui. Nataka kusikia tu."

Akakifungua. Akaniambia mwalimu wao ana mtindo wake: usikimbilie sheria, soma kila sentensi kwa kunong'ona, na ile mbovu itakukwama yenyewe. Akaanza kunong'ona. Kwangu ilikuwa mvua juu ya bati, sikuambulia hata neno. Lakini mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naangalia.

Kwenye sentensi ya kwanza jicho lake lilifinya kidogo, kama mtu aliyeuma changarawe. Ya pili, changarawe tena. Ya tatu ikapita laini, uso haukutikisika. Ya nne, jicho likafinya.

"Sasa ipi nzima?" nikauliza.

Kidole kikateremka taratibu, kikaipita ya tatu, kikatua kwenye ya nne.

Akafunua majibu nyuma ya kitabu. "Ilikuwa ya tatu. Nimekosa." Alisema hivyo bila masikitiko yoyote, kama anasoma habari za hali ya hewa.

"Soma nyingine."

Akasoma nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Kila mara ile iliyopita laini ndiyo iliyorukwa na kidole. Nilimtazama mkwe wangu nikasema moyoni, wewe binti, wewe unauona ufa vizuri kuliko mimi.

Nikaenda kwa mwalimu. Nilimvizia mchana kabla ya darasa, akiwa peke yake kwenye chumba chenye viti vya plastiki na ubao uliofutwa nusu. Nilijifanya nimekuja kulalamika, na kwa kweli kulalamika najua.

"Mwalimu, mkwe wangu amefeli mara mbili. Unawafundisha nini humu?"

Akaweka kalamu chini, kijana mpole, shati limetoka mkandani. "Mama, mkwe wako ananisaidia kufundisha. Wakati wa mapumziko wenzake wanamzunguka yeye, mimi naachwa na ubao wangu. Juzi getini alinionyesha sentensi niliyoikosea mbele ya darasa zima. Tulicheka sana."

Kumbe mwanaume wa getini ni huyu. Nikamwangalia kwa jicho la kazini, usoni, mikononi, hata chini ya meza. Sikuona alichoficha. Nikaona tu mtu anayependa kazi yake na asiyejua kuchomekea shati.

"Sasa mbona anafeli?"

Akashusha sauti. "Hilo ndilo linaloninyima raha. Kwenye sehemu ya sentensi hakupata hata moja. Mara ya kwanza nikadhani mashine imeharibika. Mara ya pili, vile vile. Hata moja, mama. Nimefikiria nimpigie mumewe, maana yeye ndiye aliyemwandikisha na majibu hutumwa kwake, mimi huletewa nakala tu."

"Usimpigie," nikasema haraka. "Mtihani mwingine ni Jumamosi. Kabla ya hapo nitakuwa nimeshajua mwenyewe."

Sikumwonea huruma yeyote. Nilitaka tu kuwa mimi wa kwanza.

Njiani nikamkumbuka mwanamke mmoja tuliyefanya naye kazi zamani. Pale kituoni msimamizi ana desturi ya kuchanganya mayai mabovu kwenye trei zetu bila kutuambia, ameyawekea alama ya penseli kwenye kitako, ili atupime macho. Tunayaita mayai ya mtego. Mchambuaji mzuri hukamata karibu yote. Aliyechoka hukamata baadhi. Huyu mwenzetu hakukamata hata moja. Msimamizi akasema maskini, macho yamekwisha, apelekwe chumba cha kufunga maboksi. Nikamwambia bosi, hata kipofu akipapasa atalitoa moja kwa bahati mbaya. Aliyeyaacha yote ameyaona yote. Tulipombana alicheka: alitaka kuhamia kwenye maboksi kwa sababu mchumba wake alikuwa huko.

Mkwe wangu naye alikuwa na mchumba wa maboksi. Kilichobaki ni kumfumania.

Alhamisi nikamuaga kwamba nina zamu mpaka jioni. Mchana nikaomba ruhusa, nikabeba mfuko wa mayai yenye nyufa ambayo wafanyakazi huruhusiwa kwenda nayo nyumbani, nikarudi. Mlangoni nilivua viatu nikavishika mkononi. Nikaingia kwa vidole.

Nikasikia sauti ya mwanaume chumbani.

Damu ilinichemka. Ndani ya nyumba yangu, mchana kweupe! Nilisogea kwenye korido, mfuko wa mayai mkono huu, viatu mkono huu, nikitafuta kipi cha kurusha kwanza.

"Zungusha simu," ile sauti ikasema. "Taratibu. Nione mpaka nyuma ya mlango."

Nikajibana ukutani. Kisha nikaitambua. Alikuwa mwanangu. Mume anaongea na mkewe kwenye simu, na mama mtu mzima amesimama peku koridoni na viatu mkononi. Aibu ikanishika, nikageuka niondoke. Lakini ile sauti ikaendelea. Mimi mwanangu namjua kwa sauti moja, ile ya mama yangu kipenzi. Hii ilikuwa ya chini, haina haraka, ya mtu anayejua hutakata simu.

"Mara hii ukifeli, nitajua unafanya makusudi."

"Hizo sentensi hazinikai kichwani, mume wangu."

"Hazikukai. Sikio moja halikukutosha, sivyo? Unataka na la pili?"

Mkewe akavuta kamasi.

"Nijibu."

"Sitaki."

"Unajificha kwa mama. Sawa, jifiche. Huku hakuna mama wa kukimbilia. Huku hata jirani hatajua unalia kwa lugha gani."

Nilitoka kama nilivyoingia. Nikakaa kwenye ngazi ya nje, mfuko wa mayai mapajani.

Shingo. Kumbe ilikuwa sikio. Anakupa upande wa kulia kwa sababu upande wa kushoto hausikii, na macho yanaangalia ukuta kwa sababu hawezi kukupa sikio na macho kwa pamoja. Kila mara nilipomwita akakaa kimya, nilikuwa nimemwita kutoka kushoto. Nami nikamwita Malkia, nikaona nimempatia. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimemshuku binti, nimemshuku mwalimu, nimewashuku hata wauza maziwa. Mwanangu sikuwahi kumweka kwenye taa.

Wazo la kwanza lilikuwa nimpigie hapo hapo nimtukane nimmalize. Nikashika simu, nikaiweka. Nikimtukana leo, atajua niko upande wa mkewe na kwamba anafeli makusudi. Anaweza kupanda ndege kesho aje amchukue, na mke wa mtu nitamzuia kwa ufagio? Siku yake ya kuambiwa ipo, nitamwambia mwenyewe uso kwa uso. Kwanza mtihani wa Jumamosi.

Nikavaa viatu, nikaupigisha mlango, nikakohoa. Mkwe wangu akatoka chumbani. Amenawa uso.

"Mama, umerudi mapema?"

"Mashine ya mwanga imekufa," nikasema.

Kabla hatujaanza kupika, simu yangu ikalia.

"Mama yangu kipenzi! Za hapo?" Sauti tamu, ile yangu. "Nisaidie kumsukuma huyo mtu asome. Namhitaji huku, mama. Upweke unaniua."

Mkwe wangu alikuwa anamenya vitunguu, sikio la kulia limesimama.

"Mwanangu," nikasema, na ulimi ulikuwa mkavu, "mkeo ni mtu mzuri, lakini kichwa cha Kiingereza hana. Anasoma, naona kwa macho yangu. Hakiingii. Wengine ndivyo walivyoumbwa."

"Hata kidogo?"

"Anaambulia hapa na pale. Kufaulu, sijui."

Akaguna, akaniaga. Nikaizima simu kabisa, nikahamisha kigoda changu, nikakaa upande wa kulia wa mkwe wangu. Aliona nilipokaa. Kisu kikapunguza mwendo.

"Leo nilirudi mapema zaidi ya ulivyoniona," nikamwambia.

Kisu kikasimama.

"Nilikuja kukufumania na mwanaume wako."

"Mama, wallahi mimi sina mwanaume..."

"Nikamfumania."

Alinigeukia. Mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwangu nikauona uso wake wote, pande zote mbili, na macho yakiniangalia mimi. Sijui aliona nini kwenye wangu. Kitunguu kilianguka, tukakiacha pale pale.

"Utanifukuza?"

"Nikufukuze uende wapi?"

"Yeye ni mwanao. Wazazi sina, nyumba sina. Nilijua ukisikia utaniambia nivumilie, au utaniambia nitoke. Nikaona bora nifeli. Nikifeli, nabaki hapa na hakuna mtu wa kulaumiwa."

"Ni mwanangu, ndiyo. Nimemzaa na kumlea mimi. Kwa hiyo aibu yote hii ni yangu, haikuhusu." Nikajifuta pua kwa upindo wa kanga, maana ilikuwa inanisumbua. "Na jina lile la Malkia nalifuta. Usinijibu. Lete kitabu."

"Kitabu cha nini tena, mama?"

"Cha sentensi. Wewe hujui kufeli."

Akanitazama akidhani nimechanganyikiwa. Alikileta hata hivyo.

"Sikiliza," nikamwambia. "Umekosa zote. Asiyejua hawezi kukosa zote. Asiyejua anabahatisha, na akibahatisha kati ya nne, zipo atakazopata apende asipende. Ukikosa kila moja, umewapigia kelele kwamba unazijua. Mimi nimekushuku. Mwalimu wako amekushuku, alitaka kumpigia simu mumeo. Na mumeo ni mtu wa mitambo, siku moja atakaa chini apige hesabu."

Rangi ikamtoka. "Hilo sikuliwaza."

"Utaliwazaje, wewe ni mtu mwaminifu. Udanganyifu una ufundi wake. Jumamosi utapata baadhi. Zile nyepesi uzipate, mtu mzito wa kichwa naye hupata nyepesi. Halafu hapa na pale moja ngumu, kama bahati. Zilizobaki haribu. Tena usiharibu kwa mpangilio, haribu ovyo."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu atafurahi umepiga hatua. Muache afurahi."

Akafungua kitabu.

"Mama, mimi naupenda huu mtihani," akasema bila kunitazama. "Usicheke. Sentensi ikiwa nzima naisikia hata kwa sikio hili moja. Kila nikipaka kiduara cha uongo, roho inaniuma."

Hilo lilinichoma kuliko yote ya siku ile, maana najua lilivyo. Yai zima ukilishika, unajua, na mkono wenyewe unafurahi.

"Siku yako itakuja," nikamwambia. "Utajiandikisha mwenyewe, majibu yatakuja kwenye simu yako, na utazipata zote hata mashine ishangae. Ila si Jumamosi hii. Haya, nong'ona. Tena lipo jambo jingine, jicho lako. Ukikutana na mbovu unalifinya. Pale kuna wasimamizi, nao wana macho."

"Nafinya jicho?"

"Kama umeuma changarawe."

Akashika shavu kwa mkono, akaanza. Ya kwanza, jicho likafinya. Nikagonga meza. Akaanza tena, likafinya kidogo. Nikagonga. Chakula kikachelewa, Redio akapita dirishani akaulizia chumvi, nikamwambia tunasoma, akaondoka na habari hiyo mtaani. Tukarudia mpaka uso wake ukatulia kama maji mtungini, na ile minong'ono ikawa inapita yote sawasawa, nzima na mbovu.

Akamaliza seti moja. Nilimkazia macho kwa nguvu zangu zote za kazini. Sikuona kitu.

"Haya, ipi nzima?" nikauliza.

"Sikwambii," akasema.

Akacheka, kwa meno yote.